Mzee wa Mwezi

Mwenyekiti: Haloo? Nani mwenzangu?

Dada: Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti: Marahaba. Naongea na nani?

Dada: Na mhitaji tu, Mheshimiwa.

Mwenyekiti: Sikia, kama ni maombi ya msaada, klabu inapokea maombi siku ya Alhamisi. Leo tuko kwenye—

Dada: Alhamisi mama yako atakuwa amelowa chapachapa.

Mwenyekiti: Hii namba ya nani?

Dada: Ya fundi wa kuchomelea, jirani yetu. Kaniazima. Yangu huipokei, kaka. Huwa inalia mpaka inachoka, halafu unanitumia ujumbe, "Niko kikaoni." Sijui ni kikao gani hicho kisicho na mapumziko.

Mwenyekiti: Aa, ni wewe. Habari za nyumbani, mdogo wangu?

Dada: Nyumbani nzuri. Tumejaa. Tuna wageni leo, tena wageni wa heshima, wamevaa fulana za manjano mgongoni pameandikwa "Hakuna Mzee Aliyeachwa." Unawajua?

Mwenyekiti: Wageni gani hao?

Dada: Haya. Hujui.

Mwenyekiti: Mtandao unakwaruza, sikupati vi—

Dada: Unanipata vizuri sana. Ni klabu yako, kaka. Wako sebuleni kwa mama. Muuguzi anayekuja kumfunga mama kidonda cha mguu ndiye aliyewapa jina. Kaona ndoo juu ya kitanda, ile inayokinga maji ya paa, akaona huyu ndiye mzee wao wa mwezi huu. Kwa hiyo hongera. Mama yako ni Mzee wa Mwezi. Kavishwa na utepe.

Mwenyekiti: [Anashusha pumzi.] Sikujua. Wallahi sikujua. Jina la mzee halitajwi mpaka msafara ufike mlangoni kwake. Ni kanuni.

Dada: Najua ni kanuni. Katibu wenu katueleza, tena kwa fahari. Mwenyekiti wetu ndiye aliyeitunga, anasema, ili mwanachama asije akapeleka msaada kwao. Nikajiambia, loo, huyu mtu kajitungia sheria ya kumkataza jambo ambalo hajawahi kulitamani.

Mwenyekiti: Acha hizo.

Dada: Niache zipi? Nina nyingi.

Mwenyekiti: Mama anaendeleaje?

Dada: Yupo. Amekalishwa kwenye kiti chenu. Mmekuja na viti vyenu, vile vyenye nguo nyeupe na fundo mgongoni kama bibi harusi. Vyetu eti havitoki vizuri kwenye picha. Na bango, kaka! Bango ni refu kuliko nyumba. Wamelikunja upande mmoja, sasa linasomeka "Hakuna Mzee."

Mwenyekiti: Hebu ongea polepole, wasikusikie.

Dada: Niko uani, kwenye kamba ya nguo. Wao wana kipaza sauti, watanisikia wapi? Sebule yenyewe mtu akipiga chafya nyumba nzima inamwombea afya, wao wameleta kipaza sauti na jenereta. Mpiga picha naye kaitaka ile ndoo ya kitandani. Kaiona kavu. Haijanyesha tangu juzi, maskini, ndoo itapata wapi maji? Akachota kwenye pipa letu akamimina, akasema, "Sasa ina hisia."

Mwenyekiti: Huyo mpiga picha ni kijana mgeni, nitamsema—

Dada: Usimseme. Anajua kazi yake. Kwanza mama kamsaidia kubeba.

Mwenyekiti: [Sauti inakatika, inarudi.] ...sikiliza. Mimi niko mbali kidogo. Kuna foleni kubwa huku, lori limeziba barabara. Sidhani kama nitawahi. Waambie waendelee bila—

Dada: Foleni.

Mwenyekiti: Ndiyo. Magari hayasogei.

Dada: Mbona kuna kelele za kukereza chuma hapo kwenye foleni?

Mwenyekiti: Ni... kuna gereji kando ya barabara.

Dada: Ngoja. Nyamaza kidogo. [Mlio wa mashine ya kukereza.] Kaka.

Mwenyekiti: Nini?

Dada: Huo mlio nausikia mara mbili. Sikio moja kwenye simu, sikio jingine juu ya ukuta wa ua. Uko kwa fundi. Umeegesha mbele ya karakana ya fundi, hapo kwenye kona. Ndiyo maana fundi aliponipa simu alisema, "Kuna gari kubwa limejificha kwenye geti langu, mwenye nalo hashuki." Nikadhani ni mtu wa kodi!

Mwenyekiti: Nilikuwa nafuata msafara. Nilipoona wanakata kona ya kwetu nikadhani wamepotea. Halafu nikaona wanashusha viti.

Dada: Ukasimama.

Mwenyekiti: Nikasimama.

Dada: Ungeshuka sasa. Ni hapo tu. Mama akikohoa unamsikia.

Mwenyekiti: Hujui mambo yalivyo, wewe.

Dada: Najua. Hilo ndilo lililonifanya nitoke nje. Katibu wenu, yule mama mwenye miwani ya mnyororo, mtu mpole, simsemi. Kamshika mama mkono, akamwambia, "Mama, mwenyekiti wetu anakuja, na yeye anawapenda wazee kuliko sisi sote, kwa sababu ni yatima. Mama yake alimfia angali mdogo."

Mwenyekiti: [Mtandao unakwaruza.]

Dada: Haloo?

Mwenyekiti: Nipo.

Dada: Kila mkutano mkuu, anasema, kabla ya kugonga kengele, mnasimama dakika moja kimya kumkumbuka mama wa mwenyekiti. Wote. Na watu wa hoteli wanaacha kupanga sahani.

Mwenyekiti: Sikusema amekufa. Siku ya kuomba uenyekiti nilisema nilikua bila... nilisema maisha yalikuwa magumu, kwamba nilijilea. Wao ndio wakaelewa vibaya. Watu walikuwa wanalia mle ukumbini, mtu mmoja akasimama akasema tumkumbuke marehemu, na mimi...

Dada: Na wewe ukasimama.

Mwenyekiti: Ningefanyaje?

Dada: Ungekaa! Wenzako wakisimama kumwombea mama yako aliye hai, wewe unakaa, bwana! Hata mtoto mdogo anajua hilo!

Mwenyekiti: Mama alisikia?

Dada: Mama mguu ndio mbovu. Masikio yake mazima. Alikaa kimya, halafu akauliza, "Alikufa na nini huyo mama?" Katibu akasema, "Kifua." Mama akakohoa. Si kwa makusudi, unajua kikohozi chake cha asubuhi. Akakohoa, akamwomba katibu radhi.

Mwenyekiti: Ya Rabi.

Dada: Usimtaje Mungu, yuko kwenye orodha yako ya wasiopokelewa simu.

Mwenyekiti: Umewaambia?

Dada: Ningewaambia mimi? Kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Nilikuwa nageuka kuwaonyesha picha yako ukutani, ile umevaa joho la chuo, mama anayoifuta vumbi kila Ijumaa kwa kitambaa chake mwenyewe. Nikasema, "Huyu mwenyekiti wenu—" Nikageuka. Picha haipo.

Mwenyekiti: Haipo vipi?

Dada: Pamebaki mraba mweupe ukutani, na msumari. Mama kaitoa. Sijui kainuka saa ngapi na mguu ule. Nimeiona ncha yake chini ya mto anaokalia. Nikamtazama, naye akanitazama. Unalijua lile jicho. Tulipovunja mtungi wa jirani tulikatazwa kusema kwa jicho hilohilo. Basi nikafunga kinywa, nikatoka nje nikupigie wewe.

Mwenyekiti: Asante, mdogo wangu. Kweli, asante. Sasa—

Dada: Usinishukuru! Sikufanya kwa ajili yako. Sikiliza kilichonileta kwenye simu. Mhazini wenu, yule mnene, yuko juu ya paa.

Mwenyekiti: Juu ya paa?

Dada: Ana moyo, yule baba. Hakungoja mtu. Kavua saa, kapanda na nyundo, kabandua mabati yote ya upande wa chumba cha mama. Yote, kaka. Kitanda cha mama kinatazama mbingu. Mabati mapya yako chini, yamefungwa utepe. Akataka kuyapandisha, makamu wako akamzuia. "Zawadi haifunguliwi kabla ya ahadi. Na ahadi inatamkwa na mwenyekiti."

Mwenyekiti: Ndivyo katiba ilivyo.

Dada: Nani aliiandika?

Mwenyekiti: Tuliiandika kama kamati—

Dada: Nani?

Mwenyekiti: Mimi.

Dada: Na mwenyekiti asipotokea?

Mwenyekiti: Vitu vinarudi stoo. Mpaka ziara nyingine.

Dada: Kwa mzee mwingine. Makamu kaniambia hivyohivyo, huku anatabasamu. Sasa tazama juu, hapo ulipo. Toa kichwa dirishani. Unaona nini?

Mwenyekiti: Wingu.

Dada: Si wingu, ni magunia ya mkaa. Upepo umeshageuka, nguo zangu kwenye kamba zote zinatazama upande mmoja. Mvua hii ikikuta nyumba hivi, mama atalala wapi? Kwenye kiti chenu cha bibi harusi?

Mwenyekiti: Ningekuja kuliezeka hilo paa mwenyewe. Nilishamwambia mama.

Dada: Ulisema mwezi ujao. Huo mwezi ujao umekua, kaka, unaota ndevu.

Mwenyekiti: Mambo yalinibana. Wewe unashona nguo nyumbani, hujui mtu wa nafasi yangu—

Dada: Ndiyo, nashona. Hizo fulana za manjano pindo zake nimeshona mimi, klabu ilinipa kazi kupitia kwa fundi cherehani mkubwa wa mjini. "Hakuna Mzee Aliyeachwa." Nimeipiga pasi sentensi hiyo mpaka naiona nikifumba macho. Nilikuwa napiga pasi huku mama anasogeza ndoo.

Mwenyekiti: Basi. Basi, inatosha.

Dada: Haitoshi. Lakini mvua inakuja. Shuka kwenye gari.

Mwenyekiti: Nikiingia hapo, mama akinitazama tu, wote watajua. Tunafanana, mdogo wangu. Hata pua.

Dada: Ndiyo. Alikupa na pua.

Mwenyekiti: Miaka yote hii, wale watu... mimi ni mtu pale. Wananisikiliza. Mtu akifiwa nafika wa kwanza. Nikisema leo, nitakuwa nani?

Dada: Mtoto wa mama.

Mwenyekiti: [Mashine ya fundi inazimika.]

Dada: Haloo? Kaka?

Mwenyekiti: Nitaitamka kwa simu.

Dada: Nini?

Mwenyekiti: Ahadi. Mpe katibu simu, nitamwambia niko kwenye foleni. Waweke spika. Nitaitamka, mama aitikie, wafungue mabati, mhazini apigilie. Katiba inasema itamkwe na mwenyekiti. Haisemi awepo.

Dada: Yaani uko karibu hivi kwamba ukitupa kiatu kinaangukia mlangoni kwetu, halafu unataka kumsemesha mama kwa simu ya fundi?

Mwenyekiti: Unataka paa au hutaki?

Dada: Mganga hajigangi, wanasema. Wewe hata dawa unaitupia dirishani.

Mwenyekiti: Paa au hutaki?

Dada: Tayari tone la kwanza. Limeniangukia mkononi.

Mwenyekiti: Mpe katibu.

Dada: Subiri. [Nyayo. Milango. Sauti za watu, jenereta.] Samahani, mama katibu, kuna simu yenu. Ndiyo, mwenyekiti. Kanipigia... hapana, kapiga kwa jirani. Foleni, anasema. Lori.

Katibu: Mwenzi Mwenyekiti! Tulikuwa na wasiwasi! Pole na foleni!

Mwenyekiti: Asante, Mwenzi Katibu. Samahani sana. Naona mvua... nasikia huko kwenu kuna mvua. Tusimcheleweshe mzee. Niweke kwenye spika, niitamke hapahapa.

Katibu: Jamani, moyo gani huu! Wenzi, tusimame! Mwenyekiti atatamka ahadi akiwa njiani! Zimeni jenereta. Mama, usiinuke, wewe kaa. Hii ni sauti ya mwenyekiti wetu. Umshike mkono mama kwa niaba yake, binti.

Dada: Nimemshika.

Katibu: Karibu, Mwenzi Mwenyekiti.

Mwenyekiti: [Anakohoa kidogo.] Mama...

Katibu: Tunakusikia!

Mwenyekiti: Mama. Kuanzia leo... [mtandao unakwaruza] ...kuanzia leo hauko peke yako. Sisi ni wanao.

Katibu: Sasa mama, unaitikia, "Nimewapokea, wanangu." Sema hapa, karibu na simu.

Mama: Nimewapokea, wanangu.

Katibu: Safi ka—

Mama: Na wewe wa kwenye simu. Umekula?

Mwenyekiti: [Kimya.]

Mama: Baba? Sauti yako ni ya mtu mwenye njaa. Umekula?

Mwenyekiti: Bado.

Mama: Usiendeshe gari na njaa. Mvua hiyo. Washa taa.

Mwenyekiti: Ndiyo, mama.

[Makofi. Vicheko. Mtu anapuliza kamasi. Juu, nyundo inaanza kugonga.]

Katibu: Umesikia, Mwenzi Mwenyekiti? Kakuchangamkia kama mwanawe wa kumzaa! Jamani nalia mimi. Mama yako huko aliko amefurahi leo. Haya, nakurudishia binti simu yake, tunakimbilia mabati! Mwenzi Makamu, shika upande ule, si wa picha, upande wa kubeba!

[Nyayo. Mlango.]

Dada: Nimerudi uani.

Mwenyekiti: Yuko vipi?

Dada: Makamu wako kageuka ngazi, mabati yanapandia mabegani kwake. Mama mmoja wa klabu kavua viatu, anatoa godoro lisilowe. Wengine ni watu wema, kaka. Hilo ndilo linaloniudhi. Mngekuwa wabaya nyote ningewacheka mpaka kesho.

Mwenyekiti: Nimeuliza habari za mama.

Dada: Mama anamwelekeza katibu vikombe vilipo. Kauliza mko wangapi, akasema vikombe viongezwe kimoja. Katibu kamwambia, "Tumetimia, mama." Akasema, "Kiongezwe hivyohivyo." Paa limeshafunikwa nusu. Hatimaye umeezeka nyumba ya mama. Kwa mikono ya mhazini.

Mwenyekiti: Nitakuja baadaye. Wakishaondoka. Nitakuja, mdogo wangu, safari hii kweli.

Dada: Njoo.

Mwenyekiti: Ile picha... mwambie airudishe ukutani.

Dada: Mwambie mwenyewe. [Mlio wa kuonya.] Sikia, salio la fundi linaisha.

Mwenyekiti: Ngoja, usikate. Nikija atanipokea?

Dada: Huyo? Atakupokea hata ukija na jeneza lake mgongoni. Mimi ndiye ninayefungua mlango. Utapiga hodi kama wageni wengine, na nitakuuliza ni nani. Si mwenyekiti, sina haja na—

Mwenyekiti: Nitasema. Nikifika nitasema—

Dada: —mbele ya mtu yeyote atakayekuwepo. Hata akiwa katibu. Na tena kwa saut—

[Simu inakatika.]

Mwenyekiti: Haloo? Haloo? [Nyundo, kwa mbali. Mvua juu ya gari.] Ni mimi.